Anayekohoa Mwishoni mwa Kibao

Watu wa Kasulu wana midomo, lakini kwa Melkiadi hawakumsingizia. Mtu yule alikuwa na shaka, jamani! Mvua ikiwahi kunyesha anauliza imetumwa na nani. Alikuwa fundi redio, kibanda chake kikiwa nyuma ya stendi, na kila aliyeleta redio aliandikwa jina, kijiji na jina la balozi wake wa nyumba kumi, utadhani anaomba uraia. Akienda kunywa chai anachomoa vipuri vidogo vidogo na kuvitia mfukoni, anakaa pale hotelini akitikisika chaka chaka. Mkewe, mama Nestori, aliwaambia wanawake wenzake kisimani, "Mimi nimeolewa na mlinzi. Ila huyu wangu hajui anachokilinda."

Lakini mpe mtu haki yake. Mikono ya Melkiadi ilikuwa na baraka. Gitaa lake la umeme alilichonga mwenyewe kwa mninga, na amplifaya aliiunda kutokana na redio tatu zilizokufa. Siku moja akachukua sindano ya kushonea magunia, akaitoboatoboa karatasi ya spika, na gitaa likaacha kulia kistaarabu. Likaanza kukwaruza na kunguruma. Wazee waliopita nje walisema mashine ya kusaga imekatika mkanda. Melkiadi akatabasamu, jambo alilolifanya kwa nadra, akasema, "Hii ndiyo roki yenyewe."

Bendi ikaitwa Ngurumo za Kasulu. Ngoma alipiga Kipriani, seremala, mtu wa maneno machache. Muimbaji alikuwa Reverien.

Huyu Reverien alikuja na mama yake, Esteri, mwishoni mwa mwaka tisini na tatu, Burundi ilipowaka. Wakapokewa kambini upande wa Kibondo. Kule kwao alikuwa mwanakwaya, na alipokuwa akisoma Bujumbura alizisikia kanda za roki akazipenda. Alikuwa na sauti, Mungu anisamehe, ya kumfanya mtu aliyeshiba ajisikie ana njaa. Ila mkimbizi hatoki kambini kama anavyotaka. Anatoka kwa kibali, na kibali cha Reverien kilitaka saini ya mdhamini kila mwezi. Mdhamini akawa Melkiadi. Mwisho wa kila mwezi anaisoma ile karatasi mbele na nyuma, anaigeuza, anaisoma tena, kisha anasaini. Reverien alikuwa akimcheka: "Sha, fundi, maneno ni yale yale ya mwezi uliopita." Melkiadi anajibu, "Ndiyo hayo yanayobadilishwa."

Pasipo saini ile, Reverien hana Kasulu, na Ngurumo hawana muimbaji. Hilo kila mmoja alilijua.

Mwaka tisini na sita, mvua za masika zilipokatika, Reverien akaja na wimbo. Aliuita "Hodi Bila Jina". Maneno yake machache tu:

*Hodi, hodi, ni nani wewe?*
*Taja jina nikufungulie.*
*Njia ina wageni wengi,*
*si wote wenye kwao.*

Melkiadi alipousikia mara ya kwanza aliomba urudiwe mara tatu. Akauliza, "Umeutoa wapi?"

"Kichwani."

"Kichwa cha nani?"

Kipriani aliangusha fimbo za ngoma kwa kucheka. Lakini Melkiadi aliupenda wimbo ule kiasi kwamba alianza kuuogopea. Akasema wasiupige hadharani mpaka umerekodiwa, maana wimbo mzuri ni kama kuku asiye na alama, yeyote anayemkamata atasema ni wake.

Sasa warekodi wapi? Mjini Kasulu palikuwa na Badru, muuza khanga, mwenye ndugu zake Tanga, na ndani ya duka lake kulikuwa na mashine ya deki mbili ya kunakilia kanda. Badru mtu wa watu. Alisema, "Fundi, nileteeni, nitawanakilia, nitawapa na kanda mpya ya kurekodia, bado iko kwenye nailoni." Mtu mwingine angeshukuru. Melkiadi alifika nyumbani akamwambia mkewe, "Anatoa kanda mpya kwa nini? Kuna nini ndani yake?"

"Hakuna kitu ndani yake, baba Nestori. Ndiyo maana ya mpya."

"Atakuwa na ya pili inayofanana nayo. Tukigeuza kisogo anabadilisha."

Ikabidi apande lori hadi Kibondo, safari ya kutwa nzima ya vumbi, akanunue kanda mahali ambapo hakuna anayemjua. Sokoni akampata mwanamke aliyetandaza vitu vya kila aina: betri, vikombe, viatu vya mguu mmoja mmoja, na kanda kuukuu. Melkiadi akachagua moja. Akaitia kwenye redio kaseti yake, akaibana sikioni pale pale sokoni, akasikiliza dakika tano nzima. Kimya. Hata nzi hakulia. Akalipa, akarudi Kasulu ameikumbatia.

Walirekodia Makere, ndani ya ghala la maharage la mjomba wake Kipriani. Usicheke. Magunia yalipangwa hadi juu pande zote nne, sauti haikurudi wala haikutoka, na umeme wakauvuta kwenye betri ya lori lililokuwa likisubiri mzigo. Maikrofoni moja ilining'inizwa kwenye boriti katikati. Kipriani alikaa mbali mlangoni ili ngoma zisimeze wenzake, Reverien akasimama chini ya maikrofoni kabisa, na Melkiadi akaielekeza spika yake ukutani, kwenye magunia, ili ngurumo ipite kwenye maharage kwanza. Walifanya mazoezi tangu asubuhi. Walipobonyeza kitufe, walipiga mara moja tu, dakika nne na nusu, na Reverien alipofika kwenye "si wote wenye kwao" sauti ilimpasuka kidogo, hakuirekebisha, akaiacha ipasuke. Gitaa likamalizia. Melkiadi akaruka, akazima mashine mara ile ile, maana alikuwa ameanza kuishuku betri.

Wakaurudisha, wakasikiliza hadi gitaa la mwisho. Nje wapakiaji walikuwa wameacha kazi, wanachungulia. Mmoja alisema, "Loo! Hiki sasa ni kibao." Kipriani akalia machozi, akasingizia vumbi la maharage.

Jumatatu homa ikampiga Melkiadi. Walimpeleka hospitali ya Kabanga juu ya baiskeli, meno yakigongana, na chini ya shati kanda imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni kwa uzi mweusi, fundo lake mwenyewe, mizunguko saba. Badru alikuwa ametuma habari kwamba Ijumaa magari ya wachuuzi yanakwenda minada yote, kanda zikinakiliwa kabla ya hapo zitafika kila mahali. Melkiadi alijigeuza kitandani siku nzima. Jioni akamwita Reverien, akamkabidhi.

"Nenda moja kwa moja kwa Badru. Usisimame."

"Egome, fundi, nimesikia."

"Ukisimamishwa?"

"Nitasimama, sha, halafu nitaendelea."

Reverien hakupata gari siku ile. Alilala kwa mama mmoja wa kanisani pale pale Kabanga, akafika kwa Badru kesho yake asubuhi. Badru akaifungua, akaweka kanda kwenye deki, mashine ikaanza kunakili mbio mbio bila sauti, moja baada ya nyingine, na yeye akaendelea kupima khanga na kwenda kusali. Hakuna aliyesikiliza chochote. Hamsini zikatoka, kisha hamsini nyingine.

Enhe! Ukisikia kibao kimetoka, kilitoka. Ndani ya wiki mbili "Hodi Bila Jina" ilikuwa Kibondo, Makere, Kitanga na kambini. Vinyozi waliipiga, wauza mitumba waliipiga, watoto walipotumwa dukani walibisha mlango kwa mdundo wa Kipriani. Mashekhe na wachungaji wakakubaliana kwa mara ya kwanza kwamba hizo ni kelele. Na kutoka Kigoma mjini ikaja barua: kuna ukumbi, kuna onyesho la mwaka mpya, Ngurumo waje, na mtu wa redio kutoka Dar es Salaam atakuwepo kuwasikia.

Melkiadi aliisoma barua ile mbele na nyuma. Furaha ilimjaa, na kama kawaida yake furaha ikaanza kunuka.

Hakukosea kunusa. Kipriani alikuja kibandani siku moja, akafunga mlango.

"Umewahi kuuacha wimbo uendelee, baada ya gitaa la mwisho?"

"Kwani kuna nini? Umeisha."

"Haujaisha."

Wakaweka nakala kwenye mashine. Wimbo ukapiga, gitaa likamalizia, ukaja ukimya mfupi. Kisha mwanamume akakohoa. Mtu mzima, kifua kizito. Akasema kwa Kiha, lugha ya kwetu ya nyumbani iliyo jirani na Kirundi, polepole: "Basi, waambie vitu viko tayari. Ni ishirini. Waje watu wawili tu, Jumanne, na wasipite njia kubwa. Wasimwambie mtu yeyote. Nitawasubiri ng'ambo ya mto." Akakohoa tena. Tap, kimya.

Melkiadi akaizima mashine haraka. Mwaka ule, kumbuka, hata mtu akibeba furushi refu watu walikuwa wanamtazama mara mbili. Ng'ambo kulikuwa na vita, na huku kila siku ilikuwa na uvumi wake. Vitu ishirini! Ng'ambo ya mto! Tena mwishoni mwa wimbo unaouliza nani anabisha hodi!

"Nani mwingine amesikia?" akauliza.

"Nani hajasikia?" Kipriani akajibu.

Kumbe mji mzima ulikuwa unajua. Lisemwalo lipo, kama halipo laja, na hili lilikuja na miguu yake yote. Wengine walisema wimbo ni ganda tu, kiini ni ile sauti. Wengine walihesabu midundo ya ngoma wakasema ni ishirini kamili. Wale wauza mitumba waliokuwa wakiipiga kutwa sasa walipiga taarabu. Mwanamke mmoja aliyeleta redio yake akaichukua bila kutengenezwa, akisema ameghairi, ameanza kupenda ukimya.

Melkiadi hakulala siku tatu. Alikwenda kwa Badru.

"Kanda ilipokufikia, fundo lilikuwaje?"

"Fundo gani?"

"La uzi mweusi. Mizunguko saba."

"Bwana fundi," Badru akasema, "mimi nauza khanga. Nilikata kwa mkasi."

Basi uchunguzi ukabaki mahali pamoja. Kanda ilikuwa chini ya shati lake mwenyewe tangu Makere. Kwa Badru ilifika ikaingia kwenye mashine. Katikati palikuwa na jioni moja, usiku mmoja na asubuhi, mikononi mwa Reverien. Kikulacho ki nguoni mwako, Melkiadi alijisemea, na alivyojisemea ndivyo alivyozidi kuona. Alimkumbuka Reverien akicheka kibali. Alikumbuka kwamba hakuwahi kumtaja huyo mama wa kanisani kwa jina. Kwamba huenda yeye mwenyewe amenunua kanda ya watu sokoni, hilo lilimpita mbali. Aliisikiliza dakika tano! Yeye, fundi!

Alimuuliza Reverien uso kwa uso, mbele ya Kipriani.

"Usiku ule wa Kabanga, ulimwachia nani kanda?"

"Sikumwachia mtu. Niliweka chini ya kichwa."

"Na hii sauti?"

Reverien aliisikiliza hadi mwisho. "Siijui. Tena, fundi, huyu hasemi kama sisi Warundi. Huyu ni wa kwenu, Kitanga au jirani zake. Sikiliza anavyovuta maneno."

"Unanifundisha Kiha?"

"Oya, sikufundishi. Nakujibu ulichoniuliza."

Kipriani akasema taratibu, "Mimi pia nasikia Kitanga." Melkiadi akamgeukia naye kwa jicho ambalo lilimfanya seremala wa watu achukue kofia yake aondoke.

Wiki ile ile wakaitwa ofisini wilayani, mmoja mmoja. Nyuma ya meza alikaa bwana mmoja mpole, mwenye miwani, aliyemkaribisha Melkiadi kiti na kumuuliza hali ya watoto. Kanda ilikuwa mezani.

"Sikuulizi nani kasema," akasema yule bwana. "Nauliza tu, hii kitu ilipita mikononi mwa nani?"

Hapo Melkiadi angeweza kusema mengi. Angeweza kusema, mimi ndiye niliyeinunua sokoni, kanda kuukuu. Lilikuwa pale kwenye ulimi. Lakini mtu mwenye shaka na dunia nzima ana mtu mmoja tu asiyemshuku hata siku moja, naye ni yeye mwenyewe. Akasema, "Ilikaa kwa Reverien, usiku mmoja."

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Na wewe ndiye mdhamini wake."

"Kwa mwezi huu, mzee. Unaisha keshokutwa."

Yule bwana aliandika kidogo tu. Keshokutwa yake Reverien alikuja kibandani na karatasi yake, akaiweka juu ya meza kati ya redio zilizofunguliwa. Melkiadi akaisoma mbele. Akaigeuza, akaisoma nyuma. Akaisukuma irudi.

"Ngoja kwanza mambo yatulie," akasema.

Reverien aliiangalia karatasi, kisha akamwangalia yeye. "Fundi, mimi nimekimbia nchi kwa sababu ya watu waliosema 'huyu ni mmoja wao' bila kuuliza. Wewe umeniuliza. Nashukuru. Ila hukunisikia." Akaikunja karatasi mara nne, akaondoka kutafuta gari la Kibondo. Kambini walimhoji wiki nzima, wakamwachia, na kibali kikafutwa.

Mwaka mpya ukapita. Kigoma walikwenda Melkiadi na Kipriani, na kijana wa kuazima aliyeujua wimbo kwa kuukariri. Yule mtu wa redio alisikiliza ubeti mmoja akauliza, "Aliyeimba kwenye kanda yuko wapi?" Kisha akaenda kunywa soda.

Sasa sikia. Mwezi wa pili, siku ya mnada, mzee mmoja aliingia dukani kwa Badru na fimbo yake na kofia ya sufi, anacheka peke yake. Akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Yuko wapi huyo aliyenitia kwenye muziki?" Kisha akakohoa. Badru aliacha khanga ikaanguka. Kile kikohozi hata kiziwi wa Kasulu alikijua. Akafunga duka, akamshika mzee mkono, akampeleka kibandani kwa Melkiadi.

Aliitwa mzee Sylvesta, mrina asali wa Kitanga. Alikuwa na wakwe zake upande wa Kibondo, na mwaka juzi aliwapelekea barua ya kanda, maana kuandika hajui na mjumbe huongeza chumvi.

"Ishirini ni nini, mzee?" Melkiadi aliuliza.

"Vidumu vya asali, mwanangu. Ni nini kingine?"

"Na njia kubwa? Kwa nini wasipite njia kubwa?"

Mzee akamtazama kama mtu anayeuliza kwa nini maji yanalowesha. "Wewe si Muha? Ukipita njia kubwa na asali, kila shemeji anataka kulamba, na shemeji hanyimwi. Mwaka mmoja niliwatuma vijana na vidumu kumi, vikafika vinne na nzi. Ndiyo maana nikasema wawili tu, ng'ambo ya mto, na midomo wafunge."

Badru alishika ukuta kwa kicheko. Melkiadi hakucheka. Alibakiwa na swali moja, na alilishikilia kama mtu anayezama.

"Mzee wangu, ile kanda mimi niliisikiliza sokoni. Dakika tano, ilikuwa kimya. Mtu hawezi kuanza barua kwa dakika tano za kimya!"

"Hawezi vipi?" mzee Sylvesta akakasirika kweli. "Unataka nivamie nyumba ya wakwe kwa maneno, kama mlevi? Mtu mzima akifika ugenini anaketi kwanza. Anapumua. Wenyeji wanamwona amekuja kwa heri. Ndipo anakohoa, ndipo anasema. Nilibonyeza, nikaketi, nikakaa kwa heshima yangu. Wakwe walinisifu sana kwa barua ile! Halafu wakauza kanda, wapumbavu hawa, lakini walinisifu." Akageuka kwa Badru. "Niuzie na mimi moja. Huyu kijana anayeimba kabla yangu ana sauti nzuri sana. Ni mtoto wa nani?"

Kumbe wimbo ulikuwa umefunika kimya cha mzee tu, maneno yake yakabaki nyuma ya gitaa. Melkiadi alikaa chini, pale pale kwenye sakafu ya kibanda, kati ya nyaya.

Alikwenda ofisini siku ile ile, akasema yote, na safari hii alisema habari ya soko na kanda kuukuu kwanza kabisa. Yule bwana mwenye miwani akacheka mpaka akavua miwani. Akampa fomu mpya ya kibali. Melkiadi akaisaini hapo hapo, bila kuisoma. Akapanda lori la Kibondo.

Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini huyu wake alikuwa mjukuu mkubwa, anamkaba shingoni. Alimkuta Reverien nje ya nyumba yao ya udongo kambini, anarekebisha paa la turubai. Mama yake, Esteri, alipomwona mgeni aliingia ndani bila salamu, kisha malezi mema yakamrudisha, akampa mkono na kumwekea kigoda kivulini.

"Amahoro, fundi," Reverien akamsalimu.

Melkiadi akasema yote. Asali, wakwe, dakika tano. Alisema, "Nilikukosea. Nilikuuza, ndugu yangu, na kosa lilikuwa langu." Akatoa fomu. "Hii nimesaini bila kusoma. Sina shaka nawe tena. Kabisa. Mungu ananiona."

Reverien aliipokea fomu, akaishika tu. Alikuwa amekonda. Akamwambia mama yake alete pombe, mgeni ametoka mbali. Esteri akaleta kibuyu cha pombe ya ndizi na mrija mmoja, akamkabidhi mwanawe.

Kwa watu wale, na kwetu pia, mwenye nyumba ndiye anayevuta funda la kwanza. Anavuta mgeni akimwona, anameza, ndipo anampa. Maana yake inajulikana na mtoto mdogo: humu hamna sumu, kunywa kwa amani. Haisemwi, inafanywa tu.

Reverien hakuvuta. Alikigeuza kibuyu, mrija ukamwelekea Melkiadi, akamnyooshea.

"Reverien!" Esteri akashtuka. "Onja kwanza!"

"Mama, mgeni huyu amesema hana shaka nami tena. Kabisa."

Kuku mmoja alipita kati yao akidonoa. Melkiadi alikipokea kibuyu kwa mikono miwili. Alijua anachoulizwa. Alijua kabisa, na alitaka kunywa, wallahi alitaka. Alimpenda kijana yule. Ilikuwa ni kuinamisha kichwa tu, sentimita chache. Lakini macho yake yalikwenda yenyewe kwenye mdomo wa kibuyu, yakamwendea Esteri, yakarudi kwenye povu. Akafikiria wiki nzima ya mahojiano. Akafikiria, mimi ningekuwa yeye ningefanya nini.

Akacheka kidogo. "Anza wewe, ndugu yangu," akasema. "Ndiyo desturi."

Hakuna aliyecheka naye. Esteri aliufunika mdomo kwa kitenge. Reverien akakichukua kibuyu, hakukasirika, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Akavuta funda refu, akalimeza akimtazama machoni. Akaupangusa mrija kwa kiganja. Ile fomu akaikunja mara nne, akaiweka juu ya goti la Melkiadi, kisha akamrudishia kibuyu.

"Haya, fundi. Sasa kunywa."

Melkiadi sasa alikuwa na hakika kwamba haina sumu. Akanywa, na machozi yakamtoka mbele ya mama wa watu.